Mafundi wa Nyota: shajara ya kijitabu, kutoka Mtwara

Mei, wiki ya mwisho

Jina limepatikana: Mafundi wa Nyota. Kitakuwa kijitabu cha nusu ya A4, kurasa 48, wino mweusi tupu, jalada la manila ya bluu. Hizo 48 ni hesabu ya karatasi tu. A4 moja ukiikunja katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa nne, na stepla yangu ndefu ikishavuka karatasi kumi na mbili pamoja na jalada, pini inaanza kupinda. Ningekuwa na stepla nyingine ningeandika kitabu kingine.

Kwa anayefika leo: ninaandika mwongozo wa Kiswahili wa tamthilia tatu za zamani za sayansi ya kubuni, yaani The Twilight Zone, Doctor Who ya miaka ya mwanzo, na Star Trek ya kwanza. Simtafsiri mtu. Ni kijitabu cha pembeni, cha kushika mkononi kabla au baada ya kutazama, cha namna ambayo Waingereza na Wamarekani wamejiandikia wenyewe kwa zaidi ya nusu karne. Ninaviita vitabu vya pembeni kwa sababu vinakaa pembeni ya televisheni, ingawa kwangu vilikaa katikati.

Hivyo ndivyo vilivyonifikia kwanza. Walimu wa kujitolea waliokuwa wakipangiwa shule za huku Kusini walikuwa wakiondoka wanaacha vitabu, na baba mdogo, aliyetunza maktaba ya shule, akabaki na sanduku la vile ambavyo mtaala haukuvitaka. Nilimaliza The Making of Star Trek kabla sijaona hata sekunde moja ya Star Trek. Nilijua mlango wa chombo cha angani unasukumwa na nani kabla sijajua sura ya nahodha. Kuna wanaonihurumia nikisema hivi. Wasinihurumie. Mtu aliyeanza na picha huuliza kitatokea nini. Mimi nilianza na kuuliza wamefanyaje, na swali hilo halichoshi hata ukitazama mara ya kumi.

Basi kijitabu changu kitakuwa cha swali hilo. Hadithi nitaisimulia kwa ufupi, majina ya waigizaji yatapita haraka. Nafasi yote iliyobaki ni ya fundi.

Nimeacha nje The Prisoner yenye sehemu 17, Space: 1999 yenye 48, na Blake's 7 yenye 52. Blake's 7 imeniuma.

Juni

Mwezi wa Star Trek. Mvua imekwisha, mashambani watu wako na salfa kwenye mikorosho, na dukani kwangu, ninakotoa kopi, kumepoa, kwa hiyo naandika mchana.

Tamthilia ilianza kurushwa Marekani na NBC tarehe 8 Septemba 1966 na ikaisha Juni 1969, sehemu 79. Kitabu The Making of Star Trek cha Stephen Whitfield, ambacho jina la Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia, liko juu yake pia, kilitoka 1968, tamthilia ikiwa bado hewani. Hapo ndipo utamu wake ulipo. Hakisimulii mambo yaliyokwisha kuwa historia. Kimejaa barua za ofisini, mabishano ya bajeti, mtu anamwandikia mwenzake kwamba wazo ni zuri ila fedha haipo. Ni kitabu cha watu walio kazini na hawajui kama kesho watakuwa nayo.

Kisa nilichokipa ukurasa mzima ni cha vichupa vya chumvi. Katika "The Man Trap", sehemu iliyorushwa ya kwanza kabisa, kuna kiumbe anayeishi kwa chumvi, kwa hiyo lazima chumvi ionekane mezani. Wakanunua vichupa vya kunyunyizia vya maumbo ya ajabu, vya kufaa karne zijazo. Kisha wakajiuliza: mtazamaji atajuaje kwamba hii ni chumvi? Wakarudi kwenye vichupa vya kawaida. Vile vya ajabu havikutupwa. Vikawa vifaa vya McCoy, daktari wa chombo, akivipitisha juu ya mgonjwa misimu yote mitatu. Tangu nilipokisoma kisa hiki sijawahi kumtazama daktari yule bila kufikiria wali.

Cha pili ni kile kifaa cha kumtoa mtu chomboni na kumtokezea ardhini. Wengi hudhani ni ndoto ya mwanasayansi. Ni hesabu ya mhasibu. Kutua na chombo kikubwa kila wiki kungekula bajeti yote, basi mtu ayeyuke hapa na atokee kule. Ule mng'aro unaouona ni unga wa alumini ukimwagwa mbele ya mwanga na kupigwa picha. Hili nalo lina ukurasa wake.

Mchoraji wa chombo, Matt Jefferies, alikuwa mtu wa ndege, na alitaka ngozi ya nje iwe laini. Sababu yake ni ya gereji: kitu kinachoweza kuharibika kiwekwe ndani, fundi akifikie bila kutoka nje. Fundi redio jirani yangu, mzee ambaye hasifu kitu kirahisi, aliisoma rasimu hiyo akiwa na kisu cha nyaya mkononi, akasema, "Huyu mwanangu alishawahi kufungua kitu." Nimeiweka kauli hiyo kwenye jalada la nyuma, kwa ruhusa yake.

Kisha kuna mashabiki wenyewe. Tamthilia ilipotishiwa kufungwa, Bjo Trimble na mumewe waliongoza kampeni ya barua ambayo inatajwa kila historia ya Star Trek inaposimuliwa. Bibi huyuhuyu ndiye aliyekuja kuandaa Star Trek Concordance, faharasa ya watu, sayari na vifaa vyote, iliyotolewa na Ballantine mwaka 1976. Mwaka mmoja kabla, Franz Joseph, mbunifu aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha ndege, alitoa ramani za Enterprise, chombo cha Star Trek, sakafu kwa sakafu, kazi aliyoingizwa na binti yake aliyekuwa shabiki. Ndani ya ramani hizo kuna hadi ukumbi wa mchezo wa bolingi, ambao hakuna sehemu yoyote iliyowahi kuuonyesha. Huo ndio uhuru wa kitabu cha pembeni: kamera inaonyesha chumba kimoja, mchoraji anaijenga nyumba nzima.

Juni, baadaye

Vijana wanaokuja kutoa kopi wameuliza walichouliza: ni kweli kuna mwanamke mle anaongea Kiswahili? Ni kweli. Nichelle Nichols, akiigiza Luteni Uhura. Katika "The Man Trap" yule kiumbe anachukua umbo la mwanamume kutoka mawazoni mwake na kumsemesha Kiswahili. Mwaka 1967, katika "The Changeling", mashine inamfuta kumbukumbu, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, Kiswahili kinamtoka. Matamshi? Nyanya yangu wa Mikindani angemkalisha chini.

Nimeongeza jambo moja ambalo vitabu vya kule havikuwa na sababu ya kuliandika. Mwaka 1966 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, na haikuwa nacho mpaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini hivi. Kwa hiyo kile Kiswahili kilipita angani miaka 28 kabla mtu wa Bara hajapata kituo cha kumwonyesha. Nichols mwenyewe amesimulia kwamba alitaka kuacha kazi baada ya msimu wa kwanza, akakutana na Martin Luther King aliyemsihi abaki. Nimelisimulia kwa mistari minne, nikarudi kwenye chumvi na alumini. Mashujaa wana vitabu vyao vingi. Mtu wa vichupa hana.

Julai

The Twilight Zone imenisumbua kuliko nilivyotarajia, na sababu ni mwisho.

Takwimu kwanza, ziishe. CBS, kuanzia tarehe 2 Oktoba 1959 hadi 1964, misimu mitano, sehemu 156, na kati ya hizo Rod Serling aliandika 92. Serling alikuwa tayari mwandishi mwenye jina wa tamthilia za maisha ya kawaida, lakini wafadhili wa matangazo walikuwa wakimkata. Alipoandika kisa kilichotokana na mauaji ya Emmett Till, kijana Mweusi aliyeuawa na wabaguzi wa rangi Marekani, kikapunguzwa makali mpaka hakikubaki na sura yake. Akahamia kwenye sayari na mazimwi, ambako mwenye tangazo haoni kwamba anasemwa yeye. Huku kwetu wahenga walimtumia sungura kwa kazi hiyohiyo.

Kitabu chake cha pembeni ni The Twilight Zone Companion cha Marc Scott Zicree, cha 1982. Kinapitia sehemu zote moja baada ya nyingine, na Zicree hana adabu ya uongo: iliyo mbovu anasema mbovu. Hilo ndilo nililojifunza kwake. Mwongozo unaosifu kila kitu ni tangazo.

Ila Zicree husimulia mpaka mwisho, na sehemu nyingi za The Twilight Zone zimesimama juu ya dakika moja ya mwisho. Msomaji wake alikuwa mtu aliyekwisha kuziona zikirudiwa miaka ishirini. Msomaji wangu ni kijana wa bodaboda ambaye hajaona hata moja. Nikimwambia mwisho, nimemwibia. Nisipomwambia, siwezi kueleza ufundi, maana mara nyingi ufundi wote ni wa kuuficha huo mwisho.

Chukua "Eye of the Beholder" ya 1960. Mwanamke yuko hospitali, kichwa kizima bandeji, anasubiri kujua kama matibabu yamemrekebisha uso. Karibu muda wote humwoni daktari wala nesi usoni: wako kivulini, wametugeuzia mgongo, kamera inateleza nyuma ya kitu kila mmoja anapogeuka. Mwongozaji, Douglas Heyes, amejaza chumba watu na kutunyima nyuso bila sisi kugundua kwamba tumenyimwa. Nitaelezaje uzuri huo bila kusema anaficha nini?

Jawabu limetoka kwenye mashine ya kukunja. Miisho yote imewekwa kwenye karatasi moja ya katikati, kubwa mara mbili ya A4 na iliyokunjwa mara mbili, na ukingo wake sitaukata, utabaki umefungwa. Anayetaka kujua achukue wembe. Asiyetaka, aruke. Binti yangu amesema watu wataangalia kwa kupanua pembe na kuchungulia. Wachungulie, nao watakuwa wametumia nguvu.

Nimepata pia nafasi ya mambo mawili ya fedha. Katika msimu wa pili walirekodi sehemu sita kwa mkanda wa video badala ya filamu ili kubana matumizi, na ukiziona utazitambua mara moja: zina mwanga bapa kama mchezo wa jukwaani. Na mwaka 1964 walinunua filamu fupi ya Kifaransa, "An Occurrence at Owl Creek Bridge", iliyokwisha kushinda tuzo Cannes, wakairusha kama sehemu yao. Ni nzuri sana, na bado naiona si ya familia ile.

Msimu wa nne, sehemu 18 za saa nzima, nimeupa aya moja. Hadithi ya nusu saa ikinyooshwa inakatika.

Agosti

Doctor Who. Mwezi huu sikutaka uishe.

Ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa Rais Kennedy, na wiki iliyofuata wakairudia sehemu ya kwanza kabla ya kutoa ya pili. Mtayarishaji alikuwa Verity Lambert, mwanamke kijana katika idara ya wanaume wazima. Muziki aliutunga Ron Grainer, lakini aliyeutengeneza ni Delia Derbyshire katika karakana ya sauti ya BBC, kipande cha mkanda kwa kipande cha mkanda, akikata na kuunganisha kwa mkono. Sauti ya kile kibanda cha bluu, ambacho Doctor husafiria katika wakati, kikiondoka ilitengenezwa na Brian Hodgson kwa kuburuza ufunguo wa mlango kwenye nyaya nene za piano mbovu.

Nilipomsomea fundi redio, aliondoka bila kuaga. Akarudi na gitaa la mjukuu wake, akaburuza ufunguo wa kufuli kwenye uzi mnene, simu ikirekodi, kisha akaipitisha kwenye amplifaya yenye mwangwi. Ikatoka. Si ileile, lakini wateja wawili waligeuka kutazama barabarani. "Uzi mwembamba usingekubali," akasema. "Ungelia kama paka."

Sasa niingie kwenye kilichonifanya nianze mradi huu wote.

BBC ilifuta sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya sitini. Mkanda wa video ulikuwa ghali na ulitumika tena. Filamu za milimita 16 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje zilitupwa muda wake wa mauzo ulipokwisha. Uharibifu uliendelea hadi 1978. Mtoto aliyekosa sehemu Jumamosi ile alikuwa ameikosa moja kwa moja, na ndiyo maana vitabu vya pembeni vilikuwa na uzito ambao leo hatuujui tena. The Making of Doctor Who cha Malcolm Hulke na Terrance Dicks kilitoka 1972. Kuanzia 1973 kampuni ya Target ikaanza kutoa visa vyenyewe kama riwaya ndogo, na Dicks peke yake akaandika zaidi ya sitini. Ninazo chache, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kwa mamilioni ya watoto hicho ndicho kilikuwa kifaa chao cha kurudia kutazama.

Zaidi ya vitabu kuna picha za John Cura, mpiga picha aliyekuwa akikaa nyumbani London na kuipiga picha skrini ya televisheni vipindi vikiendelea, kisha akiwauzia waigizaji na waongozaji kama kumbukumbu ya kazi yao. Na kuna vijana waliosogeza maikrofoni kwenye spika ya televisheni sebuleni wakarekodi sauti. Kwa sababu yao, hakuna sehemu iliyopotea ambayo sauti yake haipo. "Marco Polo" ya 1964, misafara ya jangwani na majumba ya Kublai Khan, picha zake zilipotea sehemu zote saba, lakini sauti ipo, na BBC waliitoa pamoja na msimulizi, William Russell, mmoja wa waigizaji wenyewe, akieleza katikati ya maneno nani kaingia na nani kashika kisu.

Nani huku kwetu anahitaji kuelezwa msimulizi huyo ni nani? Tumekulia vibanda vya video ambako sauti ya mtu inapanda juu ya muvi na kutuambia kinachotokea, na kutia chumvi yake. Niliposikiliza "Marco Polo" mara ya kwanza sikuona ugeni wowote. Nilimwekea mwenye kibanda cha jirani dakika kumi, akasikiliza hadi mwisho, akatoa hukumu ya kitaalamu: msimulizi ni mpole mno.

Halafu Nigeria. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa, tano za "The Enemy of the World" na nne za "The Web of Fear", zote za enzi ya Patrick Troughton, mwigizaji wa pili wa Doctor, zimepatikana katika kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, na Philip Morris, mtafutaji wa vipindi vilivyopotea, ndiye aliyezifuatilia. Zilizokuwa hazijulikani zilipo zikashuka kutoka 106 hadi 97. London ilifuta, Jos ikahifadhi bila kukusudia, rafuni, vumbi juu ya vumbi. Kurasa nne kamili nimezitoa hapa na sitapunguza hata mstari.

Septemba

Michoro. Picha za BBC wala za studio za Marekani sizitumii, si mali yangu. Nimempa kazi kijana anayeandika mabango ya maduka. Dalek, yule adui wa chuma wa Doctor Who, alimchora kwa kunisikiliza tu: umbo la Raymond Cusick, mtu anakaa ndani, mbele kuna kile cha mpira cha kuzibulia sinki. Akauliza mara mbili kama namtania kuhusu sinki.

Binti yangu alitaka ukurasa wa Tendaguru, ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini na sasa imesimama Berlin. Aliuandika vizuri: kama kile kibanda cha bluu kingetua Kusini, kitue hapo. Nimeuondoa. Ni ukurasa mzuri wa kitabu kingine, na nimemwambia akiandike yeye.

Oktoba

Minada ya korosho imeanza na duka limejaa: kopi za kitambulisho, kopi za kadi za benki, picha za pasipoti. Kijitabu nakishona usiku, umeme ukiwepo. Bei ni shilingi 3,000. Fundi redio amechukua cha kwanza na amekirudisha kikiwa na alama za penseli ukurasa wa Derbyshire. Anataka nieleze mkanda ulikatwa kwa pembe gani. Nitaeleza.

Mwenye kibanda amechukua kumi na ametoa wazo lake. Jumamosi saa tisa alasiri tutaonyesha "Eye of the Beholder", yeye akisimulia, mimi nikiuza mlangoni. Inachukua nusu saa tu pamoja na maneno yake. Sharti alilonipa ni moja: saa kumi mpira uwe umewashwa, na nisianze kueleza vivuli.